Maabara zimejengwa, majaribio yanasubiri siku ya mtihani

KILA mwaka, saa 24 kabla ya mtihani wa vitendo wa kemia au fizikia wa kidato cha nne, walimu wa masomo hayo nchini Tanzania hupokea maelekezo ya Baraza la Mitihani (NECTA) yanayowaeleza nini cha kuandaa: asidi ya kiwango fulani, bureti, waya, kioo, rula ya mita moja, saa ya kuhesabu sekunde. Usiku huo taa za maabara huchelewa kuzimwa. Makabati hufunguliwa, vumbi hupanguswa, na chupa ambazo maandishi yake yamefifia hunuswa ili kujua kilichomo.

Katika baadhi ya shule za kata, huo ndio usiku ambao baadhi ya vifaa hivyo hutoka kabatini kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima. Kesho yake mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 au 17 huingia, hushika bureti kwa mkono unaotetemeka, na hutakiwa kuonyesha ustadi ambao hakupewa nafasi ya kuujenga.

Hali hiyo inasema mengi kuliko hesabu ya majengo, na kwa zaidi ya miaka kumi mjadala wa elimu ya sayansi nchini umekuwa zaidi mjadala wa majengo.

Chanzo chake kinajulikana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, lengo kuu lilikuwa kufungua milango kwa watoto ambao hapo awali masomo yao yaliishia darasa la saba. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Kufikia mwaka 2009 idadi hiyo ilikuwa imevuka 4,000. Ni kazi ambayo hata wakosoaji wakubwa wa shule za kata hawawezi kuibeza. Lakini shule zilijengwa kwa mpangilio uliozoeleka: kwanza madarasa, kisha ofisi ya mkuu wa shule, kisha vyoo, na maabara ikabaki kwenye ramani.

Kwa shule zilizokosa maabara kulikuwa na njia ya kupitia. Baraza la Mitihani lilikuwa na karatasi mbadala wa vitendo, ambayo mtahiniwa alionyeshwa mchoro wa bureti, akasoma kipimo kwenye mchoro huo, akajaza jedwali na kuchora grafu. Mwanafunzi aliweza kufaulu "vitendo" bila kushika kitu chochote isipokuwa kalamu na rula. Baadaye watahiniwa wa shule waliondolewa katika utaratibu huo na kutakiwa kufanya vitendo halisi, uamuzi ambao ulikuwa sahihi kwa nia yake, ingawa ulizikuta shule nyingi zikiwa mikono mitupu.

Ndipo yakaja matukio mawili yaliyofuatana kwa karibu. Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, ndani ya miaka miwili. Miezi mitatu baadaye, Februari 2013, yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ambayo zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani takriban sita katika kila kumi, walipata daraja sifuri. Matokeo hayo yalipangwa upya baada ya Serikali kuingilia kati, lakini mshtuko wake uliipa agizo la maabara nguvu ya dharura. Wakuu wa mikoa na wilaya walipimwa kwa kuta zilizosimama. Muda wa mwisho ulisogezwa kutoka Novemba 2014 hadi Juni 2015, na katika vijiji vingi michango ya ujenzi ilizusha manung'uniko ambayo wabunge waliyapeleka hadi Dodoma.

Tangu hapo majengo yameendelea kuongezeka, ikiwa ni pamoja na yale yaliyogharamiwa na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 500 mwaka 2020. Shule mpya ya kata leo haikabidhiwi ikiwa haina vyumba vya sayansi kwenye ramani yake. Kwa kipimo cha saruji na mabati, agizo la mwaka 2012 limezaa matunda.

Tatizo ni kwamba maabara hula kila siku. Darasa likikamilika linahitaji chaki. Maabara ikikamilika inahitaji maji yanayotiririka, chanzo cha moto, asidi, besi, chumvi, karatasi za kuchujia, betri, balbu, vyombo vya kioo vya kuziba pengo la vinavyovunjika, na mtu wa kuvitunza vyote hivyo. Mtu huyo, fundi sanifu wa maabara, ndiye aliyesahauliwa kwa muda mrefu kuliko wote. Matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni yameanza kumtaja, lakini katika shule nyingi kazi yake bado inafanywa na mwalimu yuleyule mwenye vipindi vya madarasa manne, ambaye ili kuandaa jaribio la dakika 80 hulazimika kutumia mchana mzima kupima, kuchanganya, kupanga na kisha kuosha.

Na fedha? Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 400 ina maana ya shilingi milioni 10 kwa mwaka, tena endapo fedha yote inafika na inafika kwa wakati. Humo ndani kuna vitabu, karatasi za mitihani ya ndani, umeme, ukarabati wa madawati na safari za mkuu wa shule kwenda halmashauri. Mhasibu akifika kwenye mstari wa kemikali, kilichobaki ni kidogo. Si ajabu basi kwamba kidogo hicho huwekwa akiba kwa ajili ya Novemba.

Lakini hata shule isiyokuwa na tatizo la fedha haina sababu kubwa ya kufanya majaribio mapema, kwa kuwa hakuna anayeyadai. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili kwa miaka mingi umekuwa wa nadharia tupu. Mtihani wa darasa la saba, ambao tangu mwaka 2012 umekuwa ukisahihishwa kwa mashine, sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Kwa hiyo mtoto anaweza kusoma sayansi tangu darasa la tatu hadi mwisho wa kidato cha pili, miaka saba kamili, bila mtihani hata mmoja wa taifa kumuuliza amewahi kushika nini.

Anapofika kidato cha nne, vitendo anavyokutana navyo vinatabirika. Katika fizikia kuna pendulamu, springi inayovutwa kwa mawe ya mizani, mwanga unaopita katika kioo, na waya wa kupimia ukinzani wa umeme. Katika kemia kuna kupimana kwa asidi na besi tone kwa tone hadi rangi igeuke, na kutambua chumvi isiyotajwa jina. Walimu wanajua, wanafunzi wanajua, na vituo vya masomo ya jioni vinajua. Matokeo yake ni ufundi mmoja ambao haumo katika muhtasari wowote, nao ni kupika data. Mwanafunzi anajua kwamba jibu la pendulamu linapaswa kukaribia 9.8, hivyo huanzia kwenye jibu hilo, hurudi nyuma hadi kwenye jedwali, na kulijaza kwa tarakimu zinazonyooka vizuri kwenye grafu. Pendulamu yenyewe huning'inia pembeni ikimtazama.

Hasara ya mtindo huo ni rahisi kuiona mtu akiitazama pendulamu hiyohiyo ikitumika vinginevyo. Uzi wa kushonea, jiwe, msumari kwenye fremu ya mlango na simu ya mwalimu yenye saa ya sekunde vinatosha. Kabla ya kuachia jiwe, wanafunzi wa kidato cha kwanza, au hata wa darasa la sita, huulizwa swali moja: jiwe zito na jiwe jepesi, lipi litaenda na kurudi haraka zaidi? Darasa zima hujibu kwamba ni lile zito. Kisha hupima. Uzi wa mita moja huchukua takriban sekunde 20 kwenda na kurudi mara kumi, liwe jiwe zito au jepesi. Ukifupishwa hadi sentimita 25, yaani robo, muda hauwi robo. Huwa sekunde 10, yaani nusu.

Hapo ndipo kelele huanza, na mwalimu mzuri huiacha iendelee kidogo. Mtoto aliyekosea hakukosolewa na mwalimu wala kitabu. Amekosolewa na jiwe, na jiwe halina upendeleo.

Umeme hutoa mfano mwingine, na huu una uzito wa kimaisha katika nchi ambayo nyaya za Wakala wa Nishati Vijijini zinaendelea kusogea hadi vitongojini. Betri mbili za redio, balbu mbili ndogo za tochi na vipande vya waya havizidi uwezo wa shule yoyote. Balbu zikiunganishwa kwa kufuatana, wanafunzi wengi huamini kwamba ile ya kwanza itang'aa zaidi kwa sababu "inakula" umeme kabla ya mwenzake. Zikiwashwa, zote mbili hung'aa sawa, na zote hafifu. Zikiunganishwa sambamba, kila moja hung'aa karibu kama ingekuwa peke yake, na betri huisha haraka. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake ana sababu ya kuelewa kwa nini nyumbani taa moja ikiungua nyingine haizimiki, na kwa nini pasi, jiko na friji kwenye soketi moja ya kuunganisha ni mwaliko wa moto. Aliyeyakariri hana.

Katika kemia, majani mekundu ya choya, yale yanayochemshwa kuwa juisi, yana rangi inayobaki nyekundu kwenye maji ya limau na kugeukia kijani kwenye maji ya magadi. Bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari ya mililita, hupima ujazo kwa usahihi unaotosha mazoezi ya awali, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya bureti. Miongozo ya majaribio ya vifaa vya mitaani imekuwapo Tanzania kwa miaka mingi, ukiwamo ule wa Shika na Mikono uliotokana na kazi ya walimu wa kujitolea na wenzao Watanzania.

Kuna tahadhari ambayo wapenzi wa ubunifu huu huipita haraka mno. Asidi ya salfuriki inayouzwa kwa ajili ya betri za magari inaweza kutumika shuleni, lakini ni kali kiasi cha kutoboa nguo na kuunguza ngozi, na kuipooza kuna utaratibu usiovunjwa: asidi humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Chupa ya soda iliyotiwa asidi na kuachwa bila maandishi ni hatari ambayo hakuna somo linaloweza kuihalalisha. Vifaa rahisi vinahitaji uangalizi mkali kuliko vya kiwandani, kwa kuwa havina lebo wala kifuniko cha usalama. Hoja ya mwalimu aliyeelemewa kwa hiyo haiondoki. Inazidi kuwa na nguvu.

Kwa bahati njema, au pengine kwa kejeli ya historia, Tanzania ndiyo nchi iliyoipa dunia mfano maarufu kuliko yote wa mwanafunzi wa sekondari aliyeliamini jaribio lake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi zilikuwa chache. Mpemba, akihofia kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa.

Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye aligundua kwamba wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wakilijua jambo hilo na kulitumia katika biashara yao. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Maneno hayo yaligeuka utani wa darasa. Kila alipokosea, wenzake walimtania kwa jina hilo. Siku moja aliikuta maabara ya baiolojia iko wazi bila mwalimu. Alijaza bika mbili ndogo, moja kwa maji ya bomba na nyingine kwa maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu. Saa moja baadaye, iliyoanza ikiwa ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipozuru shule hiyo, Mpemba alisimama na kumuuliza swali hilo mbele ya wenzake. Wapo waliocheka. Osborne alikiri hajui jibu, akaahidi kujaribu, na aliporudi chuoni alimkabidhi fundi wake kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba atarudia hadi apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza, na jambo hilo tangu hapo likaitwa kwa jina la kijana huyo duniani kote. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliposhindanisha watu kulieleza, yalifika majibu yapatayo 22,000.

Linalosahaulika katika masimulizi ya kujisifu ni kwamba swali lenyewe halijafungwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo na kuandika kwamba hawakuona ushahidi wa kuaminika kuwa maji ya moto hutangulia kufikia nyuzi sifuri. Wengine wameona jambo linalofanana nalo katika mifumo isiyo ya maji. Kwa maneno mengine, swali ambalo wanafizikia bado wanabishania linaweza kupimwa kwa vikombe viwili, kipimajoto na friji ya jikoni, na hakuna mwanafunzi awezaye kulipikia data kwa sababu hakuna anayejua jibu ni lipi. Ni vigumu kupata jaribio bora kuliko hilo kwa shule ya Kitanzania, na ni vigumu vilevile kulikuta likifanyika.

Kuna kizingiti kingine ambacho jengo haliwezi kukitatua. Shule za msingi za Serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili. Sekondari, siku ya kwanza, kila kitu huwa Kiingereza. Mtoto anayetazama balbu na kuelewa kilichotokea anaweza kukieleza kwa ufasaha kwa jirani yake, lakini kimya humshika akitakiwa kuandika hitimisho. Mwalimu anayesahihisha daftari huona ukurasa mtupu na kudhani hakuna kilichoeleweka. Jaribio la mikono ndilo somo pekee ambalo maarifa hutangulia lugha, na ruhusa ya kujadili kwa Kiswahili kwanza, kisha kuandika kwa Kiingereza, isingegharimu Serikali senti moja.

Kenya inapitia mtihani unaofanana na huo kwa sura nyingine. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani katika wilaya tisa na kuenezwa nchi nzima tangu mwaka 2003, uliwafundisha walimu wa hisabati na sayansi kuanza na shughuli na majaribio, na kubuni vifaa pale visipokuwapo. Hata hivyo, mwaka 2023 sekondari ya chini ya mtaala mpya ilipoanza, iliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, ambazo nyingi hazikuwahi kuwa na maabara. Somo la Sayansi Unganishi linalodai majaribio likafundishwa katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya kusoma na kuandika. Walimu waliopitia mafunzo ya aina ya SMASSE walikuwa na pa kuanzia. Wengine waliegemea kitabu.

Upande wa Tanzania, mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika mwaka 2024, nayo inasisitiza umahiri. Neno hilo si geni. Lilitamkwa pia katika mtaala wa mwaka 2005, kisha likamezwa na mtihani ambao haukubadilika kwa kasi hiyohiyo. Walimu si wakaidi. Wanafundisha kinachopimwa, kwa sababu kinachopimwa ndicho wanachopimwa nacho wao wenyewe katika vikao vya wilaya, ambako mkuu wa shule huulizwa asilimia ya ufaulu na haulizwi majaribio mangapi yamefanyika tangu Januari.

Hatua ndogo zinazowezekana si za siri. Daftari la majaribio la kidato cha kwanza na cha pili, likikaguliwa na kuhesabiwa katika alama za maendeleo ya mwanafunzi, lingefungua makabati miaka miwili mapema. Swali moja tu katika karatasi ya vitendo ambalo jibu lake haliwezi kutabiriwa, kwa mfano kupima springi iliyotengenezwa hapohapo kwa waya wa kawaida ambao haumo katika kitabu chochote, lingepunguza thamani ya data zilizopikwa. Fungu la vitu vinavyokwisha, lililotengwa peke yake na lisiloweza kuhamishiwa kwenye bili ya umeme, lingemwondolea mwalimu wa kemia kazi ya kuombaomba. Na fundi wa maabara mmoja kwa kila shule, hata akianza kwa kuhudumia shule mbili zilizo jirani, angemrudishia mwalimu mchana wake.

Kila moja kati ya hizo ni nafuu kuliko jengo, lakini hakuna hata moja inayoweza kuzinduliwa kwa kukata utepe. Pengine hiyo ndiyo sababu Novemba ijayo, saa 24 kabla ya mtihani, chupa zisizo na majina zitanuswa tena.